Mwanao anasoma lakini anasahau? Anza na daftari lililofungwa

Usiku wa kuamkia mtihani, mtoto hukesha na daftari hadi saa sita, na mzazi analala akiwa na matumaini. Matokeo yakitoka mabaya, mtoto anaitwa mzembe au kichwa kizito, na wengine huchapwa. Mara nyingi tatizo si kichwa, ni namna anavyosoma.

Kusahau ni kawaida ya ubongo. Mwaka 1885, mtafiti wa Ujerumani, Hermann Ebbinghaus, alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana. Sehemu kubwa aliisahau ndani ya siku ya kwanza, kisha kasi ya kusahau ikapungua. Aligundua pia kuwa kurudia mara 38 kwa kugawanya katika siku tatu kulimfaa kama kurudia mara 68 kwa mkupuo.

Kwa hiyo, somo alilofundishwa mwanao Jumatatu alirudie jioni hiyo hiyo kwa dakika 10, kisha Jumatano, Jumatatu inayofuata, na tena mwisho wa mwezi.

Kurudia si kusoma tena tu. Mwaka 2006, watafiti wa Marekani, Roediger na Karpicke, waliwalinganisha wanafunzi waliosoma habari tena na tena na wale waliojipima kwa kuandika walichokumbuka. Baada ya dakika tano, waliosoma tena walikuwa mbele. Baada ya wiki moja, waliojipima ndio waliokumbuka zaidi. Ndiyo maana mtoto hukuambia "nimeelewa" usiku, halafu siku ya mtihani anaduwaa.

Hapa mzazi unaweza kusaidia hata kama somo hulijui. Shika daftari wewe, mwulize, "Leo mlifundishwa nini?" Mwache afikiri kabla ya kumwonyesha jibu. Akikosea, usimfokee, mwonyeshe palipo sahihi, na swali hilo lirudi baada ya siku mbili.

Mwisho, mwache alale. Usingizi huusaidia ubongo kuhifadhi yaliyosomwa mchana, na mtoto wa miaka sita hadi 12 anahitaji saa tisa hadi 12 kwa siku. Anayekesha anapoteza kile kile anachokitafuta.

Leo, akimaliza kula, funga daftari na umuulize maswali matatu tu.