KUANDIKA "HAKUNA GARANTII" HAKUHALALISHI KUFICHA AIBU YA GARI

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema anastahiki Allah (Subhaanahu wa Ta'ala), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na maswahaba zake.



Mada ya leo huenda ikawaudhi baadhi ya ndugu zetu wafanyabiashara wa magari, na wengi wao ni watu tunaoswali nao safu moja. Watusamehe. Familia zinaumia, na kuendelea kunyamaza kumekuwa ni kushiriki.

Hapa Bujumbura, na hasa katika Buyenzi yetu ya magaraji na maduka ya vipuri, gari si anasa. Probox au TI iliyokwisha tumika ndiyo mtaji wa nyumba. Baba analiendesha teksi, au anampa kijana alete hesabu jioni, na hesabu hiyo ndiyo ada ya watoto na kodi ya nyumba. Basi familia inauza kiwanja, mama anatoa dhahabu yake, wanachanga, wananunua. Wiki ya pili buati inakataa kuingiza gia. Wanarudi kwa muuzaji, naye anatoa hati ya mauzo na kuweka kidole kwenye mstari mmoja: gari limeuzwa "en l'état", yaani katika hali lilivyo, hakuna garantii. Kisha anaongeza kwa utulivu kabisa: "Ulisaini mwenyewe. Na ni halali, biashara ni maridhiano."

Ni neno hilo la "halali" tunalotaka kulijibu. Akisema kwamba soko ndivyo lilivyo, hatuna ugomvi naye mkubwa. Lakini akiifunika karatasi yake kwa jina la dini, hapo lazima aulizwe dalili.

KESI ILIYOHUKUMIWA ZAMANI

Suala la kuuza kwa sharti la "sidhamini kasoro yoyote" si geni hata kidogo. Imam Malik (Allah amrehemu) amelipokea katika Muwatta. Abdullah bin Umar (Allah awe radhi nao), Swahaba na mtoto wa Khalifa, aliuza mtumwa kwa dirhamu 800 kwa sharti la kutodhamini aibu, maana zama zile watumwa waliuzwa sokoni. Mnunuzi akarudi akasema: ana maradhi ambayo hukuniambia. Ibn Umar akajibu kama wanavyojibu wauzaji wa leo, kwamba ameuza kwa sharti la kutodhamini. Wakafikishana kwa Khalifa Uthman bin Affan (Allah awe radhi naye). Uthman hakusema "sharti ni sharti, nendeni zenu." Alimtaka Ibn Umar aape kwamba alipouza hakuwa akijua maradhi yoyote. Ibn Umar akakataa kuapa, akamchukua mtumwa wake na kurudisha fedha. Hakuna anayemtuhumu Ibn Umar kwa udanganyifu. Wanavyuoni wameeleza kuwa alijiepusha na kiapo kwa kumtukuza Allah. Na yule mtumwa akapona kwake, akamuuza kwa dirhamu 1,500.

Tazameni hukumu ilisimama juu ya nini. Haikusimama juu ya karatasi, ilisimama juu ya ELIMU ya muuzaji. Ulijua au hukujua? Sharti la kutodhamini linaweza kumkinga aliyeuza asichokijua. Halimkingi aliyejua akanyamaza.

Sisi watu wa madhehebu ya Imam Shafi'i tumebanwa zaidi. Imam Nawawi katika Minhaj ameweka wazi kwamba anayeuza kwa sharti la kutodhamini aibu, kauli yenye nguvu ni kuwa anasalimika na aibu ya ndani ya mnyama ambayo hakuijua, basi. Mnyama, kwa sababu maradhi yake yako tumboni na hubadilika, na hata mwenye mnyama hayaoni. Gari si mnyama! Buati haiugui usiku mmoja. Aliyekaa nalo miezi sita, akalipeleka garaji mara nne, anajua kila kitu.

Atakuja mtu aseme: kwa Imam Abu Hanifa sharti hilo linasihi, hata bila kutaja aibu moja moja. Ni kweli, ipo kauli hiyo. Lakini kusihi kwa mkataba mbele ya kadhi ni jambo moja, na dhambi ya kuficha ni jambo jingine, wala hakuna madhehebu yaliyohalalisha kuficha. Na hebu tuulizane: mtu anayeswali Kishafi mwaka mzima, akafunga Kishafi, akaoa Kishafi, imekuwaje awe Mhanafi anapouza gari tu?

Cha kushangaza ni kwamba hata sheria ya Wazungu iko karibu na hukumu ya Uthman kuliko walivyo baadhi yetu. Amri ya mikataba ya tarehe 30 Julai 1888, iliyotungwa kwa ajili ya Kongo ya Leopold II na baadaye ikaletwa na huku kwetu wakati wa Wabelgiji, inasema muuzaji anawajibika kwa kasoro zilizofichika, na kwamba sharti la kutodhamini linamfaa yule ambaye hakuzijua. Mwenye kujua halimfai. Kwa hiyo yule anayetikisa karatasi yake ya "en l'état" mbele ya mjane hana hoja msikitini, na mahakamani pia hoja yake ina pengo.

NGAMIA WA MAZIWA NA MOTERI YA MOTO

Mtume (S.A.W.) alikataza kumfunga ngamia au mbuzi maziwa siku kadhaa kabla ya kumuuza, ili chuchu zijae na mnunuzi adhani huyu ni mnyama wa maziwa mengi. Aliyeuziwa hivyo akapewa hiyari: akitaka atamkalia, akitaka atamrudisha pamoja na pishi ya tende kwa maziwa aliyoyakamua. Hadithi hii ni mashuhuri katika Bukhari na Muslim.

Sasa njooni garaji. Mnunuzi amesema atafika saa nne. Saa tatu na nusu moteri inawashwa na kuachwa ichemke, kwa sababu ikiwashwa ya baridi inatoa moshi wa buluu na kugonga. Ndani imetiwa oili nzito ili mlio upungue. Rejeta inayovuja imemwagiwa dawa ya kuziba, itakayodumu siku chache. Taa ya hatari ya dashibodi imefutwa kwa mashine asubuhi hiyo hiyo, itawaka tena baada ya safari mbili tatu; na wasio na mashine wanaichomoa taa yenyewe. Mita ya kilomita imerudishwa nyuma. Chini ya moteri pameoshwa pakang'ara, usione inapovuja. Ndugu muuzaji, haya ni nini kama si kufunga maziwa? Na ile nafaka ambayo Mtume (S.A.W.) aliingiza mkono wake sokoni akaikuta kavu juu na mbichi chini, mwenyewe alijitetea kuwa ilinyeshewa na mvua. Hata hivyo aliambiwa aiweke ile mbichi juu watu waione. Yeye alinyeshewa. Wewe umemwaga maji mwenyewe.

Wengine hujitetea: "Lakini mnunuzi alikuja na fundi wake!" Fundi yupi? Yule aliyeletwa na komisioneri, ambaye analipwa na komisioneri gari likiuzwa na halipwi lisipouzwa? Na hata akiwa fundi mwaminifu, nusu saa ya kuangalia haiondoi wajibu wa mwenye kujua kusema anachokijua. Wengine husema: "Na mimi niliuziwa hivyo hivyo Dar es Salaam." Pole sana ndugu yetu, ulidhulumiwa. Mdai aliyekudhulumu. Huyu mama wa Buyenzi hahusiki.

NENO "GARANTII" SI HIRIZI

Tusiwaonee wauzaji peke yao. Wako wanunuzi ambao wakisikia neno garantii macho yanafumba, kama vile wamefungwa hirizi mkononi. Hawaulizi ni garantii ya nani, ya kitu gani, ya mpaka lini. Huko ni kununua mbuzi kwenye gunia.

Garantii ya kiwanda, ile ya gari jipya, ni ahadi ya mtengenezaji kwamba kasoro ikitokana na utengenezaji atairekebisha kwa gharama zake. Kwa kawaida utaona imeandikwa miaka 3 au kilomita 100,000, lipi litakalotangulia. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yenye uzito. Teksi inayokwenda kilomita 200 kwa siku inamaliza kilomita 100,000 kwa siku 500, yaani mwaka mmoja na miezi mitano hivi. Miaka mitatu aliyoahidiwa haitaiona. Halafu ahadi hiyo haigusi vitu vinavyoisha kwa kutumika: plaketi za breki, matairi, diski ya klachi, wipa, taa. Na inadai gari lipelekwe kufanyiwa sevisi kwa wakati uliopangwa na kitabu kipigwe mhuri. Ukikosa, wana haki ya kukukatalia. Soma pia kama gari la biashara limo au limetolewa.

Sasa gari letu limetoka Japani, limekaa huko miaka mingi, limeshushwa bandarini Dar es Salaam, limeendeshwa safari ndefu mpaka Kobero na kuingia kwetu. Komisioneri akikwambia "lina garantii ya Japani," mwombe akuoneshe ni ofisi gani ya hapa mjini itakayoipokea. Hakuna. Muda wake ulikwisha zamani, na hata usingekwisha, ahadi ya kiwanda hutolewa kwa soko la nchi fulani, haisafiri na gari melini. Kuna ahadi ambazo hata humo humo nchini hazimfuati mnunuzi wa pili. Hyundai, huko Marekani, tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 inatangaza miaka 10 au maili 100,000 kwa moteri na buati, lakini kwa mnunuzi wa kwanza. Wa pili hupewa miaka 5 au maili 60,000. Na hawa ni watu waliolipia gari jipya dukani.

Kinachosafiri na gari la Japani ni makaratasi, na hayo yana faida kuliko maneno ya komisioneri. Cheti cha kusafirishia nje huandikwa kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi huko. Mita ya gari ikionesha chache kuliko cheti, huna haja ya fundi kukueleza. Karatasi ya mnada ina alama, na ukiona R au RA ujue gari liligongwa likatengenezwa. Muuzaji akisema makaratasi yamepotea, basi na bei ipotee kidogo.

(Ama zile garantii za ziada zinazouzwa kando kwa bei yake, ambazo unalipa na hujui kama utapata chochote, hizo zinafanana sana na bima, na wanavyuoni wana maneno juu yake. Muulize shekhe wako kabla ya kulipa. Hilo lina makala yake.)

GARANTII TULIYOPEWA NA HATUITUMII

Alikuwapo Swahaba aliyekuwa akidanganywa sana katika kununua, Habban bin Munqidh (Allah awe radhi naye). Mtume (S.A.W.) alimfundisha aseme wakati wa kununua kwamba hakuna kuhadaana, na akampa hiyari ya siku tatu. Hii ndiyo hiyari ya sharti, na katika madhehebu yetu mwisho wake ni siku hizo tatu. Ni nani kati yetu amewahi kuiomba akinunua gari? Siku tatu zinatosha kuliwasha asubuhi likiwa baridi, kulipandisha mlima wa kuelekea Bugarama, kuona kama joto linapanda, na kumpelekea fundi uliyemlipa wewe mwenyewe.

Na iandikwe. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'an, ya 282 ya Suratul Baqara, inazungumzia kuandikiana, na ndani yake tumeamrishwa kuweka mashahidi tunapouziana. Muuzaji akisema kwa mdomo "nakupa garantii ya wiki mbili," mwambie ashike kalamu. Wiki mbili za moteri na buati, au za nini? Ikiharibika, vipuri ni vya nani na fundi ni wa nani? Fedha zitarudi, au gari litatengenezwa? Majibu ya "tutaonana tu, sisi ni ndugu" ndiyo yanayozaa kesi kati ya ndugu.

Mnunuzi naye ana adabu yake. Ukigundua aibu ya zamani, simamisha gari SIKU HIYO, mjulishe muuzaji mbele ya mashahidi, wala usiifungue moteri kabla hajaja kuona. Kwa Mashafi'i haki ya kurudisha ni ya papo hapo. Aliyejua kisha akaendelea kulipanda kwa shughuli zake ameridhia. Wako watu wanaokusanya hesabu ya teksi wiki tatu, gari linagonga na wao wanasikia, mpaka lisimame kabisa ndipo wakumbuke kumtafuta muuzaji. Huko nako ni kudhulumu. Na ikiwa gari limepata kasoro nyingine mikononi mwako, huwezi tena kumlazimisha alipokee. Hapo mtazungumzia fidia ya upungufu, na msikiti una wazee wa kuwasuluhisha.

Kwa wauzaji tunaomba mistari miwili tu katika kila hati ya mauzo. Wa kwanza utaje kasoro unazozijua, kwa jina: "buati inachelewa gia ya tatu ikiwa baridi," "liligongwa upande wa kushoto." Bei itashuka laki kadhaa za faranga, ni kweli, na hizo zinazoshuka hazikuwa zako tangu mwanzo. Wa pili uwe huu: "Zaidi ya hizi sijui nyingine." Muuzaji akikataa kuandika mistari hiyo, mnunuzi amuulize palepale, kabla fedha hazijahesabiwa, lile ambalo Uthman alimuuliza Ibn Umar. Ataapa, au atabaki na gari lake?

Wallahu a'lam.