Ukipewa nyeusi, acha kungoja kupigwa

Wasee, kuna imani moja ya chess hapa mtaani inanikera: ati ukipewa kete nyeusi, kazi yako ni kuvumilia. Mwenye nyeupe ameanza, basi wewe ziba mashimo na uombe droo. Mimi nakataa. Akicheza e4, najibu c5. Hiyo ndiyo Sicilian.

Wengi wanajibu e5, na poni mbili zinakwama katikati kama matatu mbili kwenye njia nyembamba, hakuna anayerudi nyuma. c5 inakuja na pembeni. Inachunga d4. Akisukuma poni hapo unaila, farasi wake anaila yako, sawa. Lakini piga hesabu: umetoa poni ya pembeni ukachukua ya katikati. Wewe sasa uko na mbili za katikati, yeye ana moja, na ngome yako imepata barabara kwenye safu ya c.

Sisemi ni ya bure. Mwenye nyeupe anatoa kete zake haraka kuliko wewe, na ukizubaa amefika kwa mfalme. Nilipoanza nilichapwa mechi sita mfululizo na jamaa mmoja wa kuuza simu, na sisi hucheza aliyeshindwa anunue chapo madondo. Manze, nilikuwa nimetoka campo juzi tu, mfuko umekauka, na kila jioni namlisha mtu mwingine. Anapeleka mfalme wake upande wa malkia, halafu anarusha poni ya h mbio hadi kwangu. Kila mtu akaniambia nirudi e5.

Enyewe kosa halikuwa c5. Nilikuwa naicheza halafu naanza kujificha. Sicilian haitaki hivyo. Yeye akikushambulia upande huu, wewe uwe unamshambulia upande ule, mwone nani anafika kwanza. Mechi ya saba nikaingiza ngome c3 nikamla farasi wake, nikijua nitaipoteza. Akaila kwa poni, na ukuta wa mfalme wake ukabomoka. Siku hiyo nilikula bure.

Mtaniambia, "Kama unataka droo tu, si ucheze salama?" Moscow, 1985, mechi ya 24, ya mwisho ya ubingwa wa dunia. Kasparov anaongoza 12 kwa 11, droo inamtosha, na ana kete nyeusi. Karpov anacheza e4. Kasparov anajibu c5! Karpov alikuwa fundi wa kukubana polepole mpaka ukose pumzi, kwa hivyo kukaa kimya mbele yake ndiyo ilikuwa hatari yenyewe. Kasparov alishinda, akawa bingwa akiwa na miaka 22. Umri wetu huo, buda.

Lakini kama umejifunza juzi vile farasi hutembea, tulia kwanza. Utanilaumu bure.

Na yule jamaa wa simu? Siku hizi haanzi tena na e4. Anaanza na d4, anacheka, na chapo nimeanza kununua tena.