MASTAA MNANYANYUA MAGARI, SHOKAPU MNANUNUA KWA RANGI. HUKU NYAMWAGE TUNALIPIA SISI!

Wadau wa nguvu, leo hakuna ubuyu wa nani kaachana na nani. Leo naongea na mastaa wenye magari ya kunyanyuliwa, na naongea kwa hasira kidogo, kwa sababu mchezo wao umeshafika mpaka huku kwetu Nyamwage, na huku watu wanapanda hayo magari na watoto wao.

Mnawajua. Kuna mwanamuziki mmoja, jina kapuni, ana mkonga mweusi umeinuliwa hadi ukisimama pembeni unaona mpaka difu. Kuna dada mmoja wa kwenye tamthilia, Prado yake akitaka kushuka lazima ashikwe mkono kama bibi harusi. Halafu kuna yule kaka wa matangazo ya biashara. Huyo kila akigusa gari anaturushia video: leo tairi za kashata, kesho taa za juu ya kioo, keshokutwa shokapu mpya. Kamera inapita chini ya gari taratibu, shokapu inang'aa rangi, muziki unapigwa, basi. Watu wanamwaga moto kwenye komenti. Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kusema ile shokapu ina urefu gani.

Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Shokapu ya gari iliyonyanyuliwa hainunuliwi kwa rangi, wala kwa jina la kampuni, wala kwa sababu fulani anayo. Inanunuliwa kwa vitu vitatu: urefu, uzito na njia. Ukikosea hivyo vitatu, hata ukitoa pesa ya kiwanja, umenunua pambo.

Najua watakuja hapa na ile ya mwenye wivu ajinyonge. Sawa, lakini nisomeni kwanza mpaka mwisho.

KWA NINI NYAMWAGE INAHUSIKA

Kwa wasiopajua, ukitoka Dar kwenda Lindi unapita Kibiti, unapita Ikwiriri, unavuka Daraja la Mkapa lile la mita 970 lililofunguliwa 2003, halafu ndo unafika kwetu. Hapa ndipo njia ya Utete inapochepuka. Ni kama kilomita 33 mpaka Utete, makao makuu ya wilaya ya Rufiji, na hospitali ya wilaya iko huko huko. Hiyo njia tumeijua miaka na miaka kwa vumbi la kiangazi na tope la masika linaloshika tairi kama ugali. Mwaka 2024 mto ulifurika, Rufiji na Kibiti watu wakapoteza mashamba na nyumba. Mei ya mwaka huo huo kikaja Kimbunga Hidaya, na barabara kuu ya kwenda Lindi ikakatika kule Somanga.

Kwa hiyo huku gari iliyonyanyuliwa sio swaga. Ni kazi. Inabeba mpunga, inabeba mkaa, inabeba mgonjwa usiku. Na vijana wenye pikapu huku nao wana simu, wanaangalia video zile zile za mastaa. Wanaiga hatua kwa hatua: kwanza kunyanyua, pili kashata, tatu rangi. Shokapu ni zile zile za zamani, au za mtumba zilizopigwa rangi upya. Staa gari yake ikimsumbua anaagiza Noah ije kumchukua. Mama mjamzito aliyelala nyuma ya pikapu saa nane usiku ataagiza nini?

KAZI YA SHOKAPU SIO KUBEBA GARI

Tuanze na uongo mkubwa kuliko wote, kwamba "nimefunga shokapu ngumu ili ibebe mzigo". Hapana. Mzigo unabebwa na springi, iwe ya majani au ya koili. Kazi ya shokapu ni kuituliza springi. Ndani kuna oili, na kuna pistoni yenye vitundu na vali. Gari ikiruka, pistoni inalazimisha oili ipite kwenye vile vitundu, ule mrusho unageuka kuwa joto, gari inatulia. Bila hiyo ukipita shimo moja gari inadunda mara nne, mara tano kama mpira wa makaratasi.

Na gari inayodunda, tairi inaachia ardhi. Tairi ikishaachia ardhi hakuna breki na hakuna usukani. Hii sio habari ya kukaa raha kwenye kiti, ni habari ya kusimama kabla hujamgonga mtu. Sasa weka juu yake kwamba gari umeshainyanyua, uzito umepanda juu, ni rahisi zaidi kulala kwenye kona. Maana yake gari iliyonyanyuliwa inataka shokapu nzuri kuliko ile ya kawaida. Sisi tunafanya kinyume chake: pesa inaishia kwenye kimo na rimu, shokapu inapata chenji.

LA KWANZA: UREFU. CHUKUA FUTI KAMBA

Nawapa hesabu ya mfano kwa gari yenye ekseli nzima, kama mkonga. Namba ni za mfano tu, gari yako pima mwenyewe.

Gari imesimama sehemu tambarare. Pima toka kitundu cha juu cha shokapu mpaka cha chini. Tuseme sentimita 50. Halafu angalia ule mpira wa kugongea uliopo kati ya ekseli na chesesi, pima nafasi iliyobaki. Tuseme 8. Ina maana gari ikijikunja mpaka mwisho, shokapu itabakiwa na 50 kutoa 8, yaani 42. Shokapu yako ikifungwa kabisa lazima iwe fupi kuliko 42, na uache kidogo kwa sababu mpira nao unabonyea. Ya kiwandani tuseme ikifungwa ina 38, ikifunguka mwisho ina 60. Iko vizuri: inashuka sentimita 10, inapanda 8, halafu mpira unapokea.

Sasa umenyanyua gari sentimita 5 kwa springi. Ile 50 imekuwa 55. Shokapu ya zamani mwisho wake ni pale pale 60. Imebakiwa na 5 tu za kushuka. Tairi ikiingia shimoni inashuka 5, halafu TANG! Shokapu imefika mwisho, inaning'iniza ekseli nzima na tairi lako la kashata. Shokapu haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Zinaanza kwenda bushi, inafuata sili, mwisho kitako kinang'oka kwenye chesesi.

"Basi nanunua ndefu." Ngoja kwanza. Hapa ndo wengi wanaliwa. Ile namba 42 ya kujikunja haikubadilika! Mpira wa kugongea uko pale pale alipouweka mwenye kiwanda. Na shokapu ikiongezwa urefu wa kufunguka, urefu wa kufunga nao unaongezeka, kwa sababu ile fimbo ndefu lazima ipate pa kuingia. Ya kufunguka 65, yenye umbo lile lile, itafunga kama 40 na nusu. Inaingia kwa shida kwenye 42. Lakini staa wetu kanyanyua sentimita 10, kataka ya kufunguka 70, na hiyo inafunga 43. Kwa hiyo gari ikijikunja, shokapu inafika chini KABLA ya mpira. Kila tuta zito shokapu ndo inakuwa nyundo. Fimbo inapinda, sili inapasuka, oili inamwagika, na mwenye gari anasema kauziwa feki.

Hajauziwa feki. Hakupima. Ukitaka kimo hicho, mpira wa kugongea nao ushushwe, paipu za breki ziongezwe urefu, na pembe ya propela iangaliwe. Fundi asiyekugusia hayo, mwambie asante fundi, uondoke.

Na nyie wa Prado msicheke. Mbele kwenu shokapu iko ndani ya koili, na mchezo wa mjini ni kupachika spesa juu yake. Gari inapanda mchana mmoja, bei ndogo, picha safi. Lakini shokapu ya ndani ni ile ile. Umeisogeza yote chini tu. Sasa tairi linashuka kupita alipopanga mwenye kiwanda, boltijointi na shafti za mbele zinavutwa kwa pembe mbaya, na huku juu shokapu inaweza kugonga mwisho kabla ya mpira kupokea. Dada wa tamthilia, ile kelele unayosema ni "gari imezoea barabara mbaya", haijazoea kitu. Inalia.

LA PILI: UZITO

Gari yako inabeba nini siku nyingi? Sio siku ya picha, siku nyingi. Pikapu ya huku inayopiga magunia kila siku inataka springi ya mzigo na shokapu iliyotengenezwa kwenda na hiyo springi. Gari ya mtu mmoja na begi la nguo ikifungiwa seti ya mzigo inakuwa mbao, inarukaruka kwenye kila jiwe. Na ukifunga shokapu ngumu sana kwenye springi laini unapata balaa jingine: kwenye njia yenye mawimbi kama bati, gari inajikunja, kabla haijarudi inakutana na wimbi jingine, inazidi kushuka, mwisho inatembea imekaa chini kabisa. Umenyanyua gari kwa pesa, shokapu imekushusha bure.

Ndo maana kampuni kama Old Man Emu ya Australia inauza springi kwa viwango vya uzito, na shokapu za kuendana nazo. Muuzaji akikuuliza "unabeba kilo ngapi?", huyo ni muuzaji. Akikuuliza "unataka ya rangi gani?", huyo anauza vipodozi.

LA TATU: NJIA

Nimesema shokapu inageuza mrusho kuwa joto. Kilomita 33 za mawimbi bila kupumzika ni joto kweli kweli. Oili ikichemka na kuchanganyika na hewa inakuwa povu, na povu halina ubishi. Unaanza safari na gari imetulia, unafika katikati inayumba. Kwa hiyo njia kama zetu zinataka yenye gesi ya naitrojeni, inayozuia povu. Za bomba moja zinapoa haraka, ila jiwe likibonyeza bomba, pistoni inakwama. Za mabomba mawili zinavumilia mawe zaidi ila zinapoa polepole. Anayeshinda kwenye lami na anayeshinda njia ya Utete hawawezi kununua kitu kimoja.

Na usidanganywe na majina. KYB, wengi tunaita Kayaba, ni Wajapani, kazi yao inajulikana. Bilstein ni Wajerumani, walifunga shokapu za bomba moja zenye gesi kwenye Mercedes-Benz tangu 1957. Lakini Kayaba orijino ya gari ambayo haijanyanyuliwa ni fupi kwenye gari iliyonyanyuliwa. Jina zuri halirefushi fimbo.

"MBONA GARI YANGU IKO POA?"

Pima. Toka njia mbaya, paki, sogeza mkono karibu na kila shokapu kwa tahadhari. Iliyo ya moto ndo imefanya kazi. Iliyobaki baridi wakati mwenzake ina moto, hiyo imekufa siku nyingi, inasindikiza tu. Angalia oili inayovuja, angalia bushi, angalia tairi kama linalika kwa mabaka. Ukibadilisha, badilisha mbili za ekseli moja kwa pamoja.

Kuna watakaosema gari refu ndo gari la njia mbaya. Wakenya wana Safari Rally tangu 1953, na mashindano ya dunia yalirudi Naivasha 2021. Angalieni gari zinazoshindana kule: ni vigari vidogo, vya chini kuliko Prado ya dada yetu. Wanapita kwenye mawe kwa mwendo ambao staa wetu hata kwenye lami hathubutu. Pesa yao iko kwenye kile kinachoshika tairi ardhini.

Na wewe kijana mwenzangu wa pikapu, sikusemi vibaya, riziki ngumu naijua. Ila ukiwa na pesa ya rimu nne au shokapu nne, usiulize mtandaoni. Muulize abiria wa nyuma. Nyanyua sentimita 5 zenye shokapu sahihi, acha 10 za kiki. Kwenye tope la Utete hakuna anayepiga picha, kila mtu anataka kufika tu.

Mastaa, sijasema muuze magari. Nasema mnafuatwa. Video ijayo mkilala chini ya gari na kamera yenu, toeni futi kamba. Semeni: imefungwa ngapi, imefunguka ngapi, inabeba kilo ngapi. Sekunde kumi tu. Yule mwenye mkonga mweusi, tunaanza na wewe. Ikifungwa ina ngapi, kaka?

Komenti ziko wazi hapo chini. Mafundi karibuni sana mnikosoe kwa namba, sio kwa matusi.