Kizibao au Koti?

Ndugu msomaji, itazame mikono yako. Unapotoka nyumbani kwenda kazini, huwa imeshika nini? Mkono mmoja una jembe. Mkono wa pili una simu, au fedha za kununulia mbegu. Ukiteleza kwenye kijito, utajishika kwa mkono upi?

Kwa sababu hiyo watu wengi siku hizi huvaa mavazi yenye mifuko mingi. Mavazi hayo ni ya aina mbili. Kuna kizibao, yaani vazi lisilo na mikono linalovaliwa juu ya shati. Na kuna koti lenye mikono mirefu. Yote mawili hupatikana katika mitumba. Je, lipi linafaa zaidi? Nitatoa maoni yangu. Wewe soma, kisha uamue mwenyewe.

Kila vazi lina kazi yake

Mwaka 1965 jeshi la Marekani lilianza kutumia koti liitwalo M-65. Lina mifuko minne mikubwa upande wa mbele. Lilishonwa kwa ajili ya askari wanaokaa nje kwenye baridi na upepo. Kizibao cha mifuko mingi kina habari nyingine. Mvuvi wa Marekani, Lee Wulff, anatajwa kuwa alishona kizibao cha uvuvi katika miaka ya 1930. Mvuvi wa ndoana husimama ndani ya mto. Hana mahali pa kuweka ndoana, uzi na mkasi. Basi aliviweka kifuani, na mikono ikabaki huru.

Sisi pia tunaijua faida ya mifuko. Wengi wetu tumeona suti ya Kaunda, iliyopewa jina la Kenneth Kaunda, Rais wa Zambia tangu mwaka 1964 hadi 1991. Mtu aliyeivaa aliweza kubeba kalamu, miwani na daftari dogo bila mkoba.

Kosa langu

Mimi ni afisa wa elimu ya watu wazima. Kazi yangu ni kutembelea madarasa vijijini. Kwa muda mrefu nilivaa koti la mtumba lenye mifuko saba. Nililipenda sana. Ndani yake niliweka chaki, kalamu, funguo na daftari la mahudhurio.

Siku moja nilifika darasani saa nane mchana. Jua lilikuwa kali. Nikavua koti, nikalitundika kwenye tawi la mwembe, nikaingia darasani. Tulipokuwa katikati ya somo, mvua kubwa ikanyesha. Nilipolikumbuka koti, lilikuwa limelowa chapachapa. Wino wa daftari ulikuwa umechuruzika. Mahudhurio ya miezi miwili yalipotea. Wanakisomo waliokuwa wamejitahidi kuja kila siku hawakuwa tena na ushahidi wa juhudi yao. Niliwaomba radhi, lakini radhi hairudishi maandishi.

Siku hiyo nilijifunza jambo moja. Ukivua koti, umevua na mali yako yote. Mahali penye joto, koti halikai mwilini. Litatundikwa mtini, litawekwa juu ya jiwe, litasahauliwa kilabuni. Kizibao hukaa mwilini kutwa nzima, kwa sababu mikono na kwapa hupata hewa.

Basi maoni yangu ni haya. Kwa kazi nyingi za kijijini, kizibao ni bora kuliko koti.

Koti nalo lina mahali pake

Sisemi koti ni baya. Mtu wa Makete au Njombe anayeamka alfajiri mwezi wa Julai anahitaji koti. Dereva wa pikipiki anahitaji koti pia. Upepo humpiga kifuani, na akianguka, mikono ya koti nzito hupunguza michubuko. Mlinzi wa usiku naye hawezi kukesha na kizibao peke yake.

Kitambaa nacho kitazamwe. Kaki ya pamba ni imara, lakini hunyonya maji na hukauka polepole. Nailoni ni nyepesi na hukauka upesi. Lakini nailoni ikishika moto huyeyuka na kunata kwenye ngozi. Mhunzi, mchoma mkaa na fundi wa kuchomelea vyuma wasivae nailoni kazini.

Akina mama wasisahauliwe

Watu wengine husema kizibao ni vazi la wanaume. Mimi sikubali. Mama anayeuza samaki gulioni hutoa chenji mara nyingi kwa siku. Fedha yake ameifunga kwenye pindo la khanga. Kila mteja akija, hufungua fundo mbele ya watu wote. Fundo likilegea, mtaji umepotea, na watoto watalala na njaa.

Mama huyo akivaa kizibao juu ya gauni, noti zitakaa mfuko mmoja na sarafu mfuko mwingine. Mtaji utakaa mfuko wa ndani, wenye kifungo. Hapo hata hesabu ya faida inakuwa rahisi, maana mtaji haukuchanganyika na mauzo. Anayetaka kucheka, na acheke. Mama atahesabu fedha zake.

Namna ya kuchagua

Kabla ya kununua mtumba, ingiza mkono katika kila mfuko mpaka chini. Mifuko mingi hutoboka pembeni. Fungua na kufunga zipu mara tatu. Kisha weka kitu mfukoni, uiname kama unayeng'oa magugu. Kitu kikianguka, mfuko huo haufai. Unahitaji kina zaidi, au kifungo.

Usipopata kizuri, nenda kwa fundi cherehani wa kijiji. Mwambie kazi yako. Mifuko sita inatosha. Mifuko ishirini humfanya mtu asijue ameweka wapi kitu chake.

Gawanya uzito sawa pande zote mbili, ili bega moja lisielemewe. Misumari isikae pamoja na simu. Patasi na kisu visikae kifuani, kwani ukianguka vitakuchoma. Nyundo na mizigo mizito viwekwe kwenye kikapu au shanta. Na dawa ya kuulia wadudu isiwekwe kamwe katika mfuko wa nguo. Ikivuja, hupenya kwenye ngozi.

Ndugu msomaji, mimi sasa nina kizibao cha kaki. Daftari la mahudhurio limo ndani ya mfuko wa plastiki, kwenye mfuko wa kifuani. Mvua ikinyesha, majina ya wanakisomo wangu hulowa pamoja nami, au hubaki makavu pamoja nami. Hayaachwi tena mtini.

Maswali ya kujadiliana

1. Wewe hubeba vitu gani unapokwenda kazini? Viandike.
2. Je, unakubali kwamba kizibao kinafaa kuliko koti katika kijiji chako? Toa sababu.
3. Akina mama wa kijiji chenu huweka wapi fedha za biashara? Je, ni salama?
4. Chora kizibao cha kazi yako. Andika jina la kitu kitakachokaa katika kila mfuko.