CHETI CHA MIMEA NI NENO LA TAIFA, LISIUZWE

Yanapita maneno minadani kwamba cheti cha afya ya mimea ni kamba mpya ya Mzungu ya kumfungia mkulima Mwafrika. Wenye kuyasema hawakosi wasikilizaji, maana wanagusa palipo na kovu. Wazee wetu walitawaliwa kwa karatasi: hati ya kodi, kipande cha kazi, barua ya bwana shauri. Mwananchi akisikia karatasi nyingine inakuja, moyo hukataa kabla sikio halijamaliza kusikia. Sisi moyo huo tunauheshimu. Lakini safari hii umemkosea adui.

Cheti hiki ni nini? Ni neno ambalo serikali ya nchi inayouza inaiambia serikali ya nchi inayonunua: mzigo huu tumeukagua, hauna wadudu wala maradhi mliyoyakataza. Hakiandikwi na tajiri wa shamba wala na dalali. Kwetu Tanzania huandikwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, yenye makao yake Ngaramtoni, Arusha, iliyoundwa kwa Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020. Asili yake ni mkataba wa mataifa uliofanywa Roma mwaka 1951, nasi tumo ndani yake. Amri ya mkoloni ilikuwa na mdomo mmoja; mkataba huu una midomo miwili. Wao wana haki ya kuuliza kinachoingia kwao, na sisi tuna haki ya kuuliza kinachoingia kwetu.

Na tunayo sababu ya kuuliza! Nani asiyemjua kantangaze? Mdudu huyu asili yake ni Amerika ya Kusini. Mwaka 2008 alikuwa Afrika ya Kaskazini. Ilipofika 2014 alikuwa anakula nyanya za Tanzania. Viwavijeshi vamizi nao ni wageni kutoka Amerika. Walionekana Afrika mwaka 2016, na mwaka 2017 wakaingia katika mahindi yetu. Hakuna aliyewagongea mhuri. Mkulima aliyeuza mbuzi wake ili anunue dawa anajua kuliko sisi ni nani aliyelipa gharama ya mpaka ulio wazi. Ndugu zetu wafugaji wa Ngorongoro nao wasidhani kuwa jambo hili ni la wakulima peke yao. Ndani ya hifadhi hapalimwi, lakini mbegu ya gugu haisimami getini kusoma ubao. Hupanda juu ya gurudumu la gari, na gugu geni likishika malisho, ng'ombe ndiye anayelala njaa.

FUNZA MMOJA, NCHI NZIMA

Sasa tutazame maua. Maua mengi tunayouza Ulaya hulimwa chini ya Meru na Kilimanjaro. Tangu tarehe 14 Desemba 2019, nchi za Umoja wa Ulaya zimetaka cheti kwa karibu kila mmea, tunda na ua linaloingia kwao. Matunda matano tu yalisamehewa: nanasi, nazi, ndizi, tende na duriani. Tangu tarehe 26 Aprili 2025 waridi la Afrika limewekewa sharti jingine. Yuko nondo mdogo wa kwetu ambaye funza wake huingia ndani ya tumba la waridi akajificha. Huingia pia katika pilipili, chungwa na parachichi. Ulaya hawamtaki. Basi mwenye waridi lazima aonyeshe kuwa shamba lake halina nondo huyo, au kwamba amefuata mpango mzima wa kumzuia: mitego, ukaguzi wa kila mara, daftari la dawa, uchambuzi wa maua katika banda la kufungashia. Na cheti chenyewe kiwe kimetolewa katika siku 14 kabla ya mzigo kuondoka nchini.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Cheti kinatiwa sahihi ofisini, lakini kinatengenezwa shambani. Asiyeandika siku aliyopiga dawa, asiyejua ua lilikatwa banda gani, hana cha kumwonyesha mkaguzi. Na mkaguzi anayetia sahihi bila kuona mzigo ameapa kwa jina la watu wote juu ya kitu asichokijua.

Funza mmoja akikutwa katika uwanja wa ndege wa Ulaya, taarifa huandikwa kwa jina la nchi. Kiasi cha ukaguzi wa waridi huko hupangwa kwa nchi na kwa aina ya ua. Makosa yakizidi, kila sanduku lenye jina la Tanzania hufunguliwa na kucheleweshwa, hata la yule aliyekesha akitega mitego. Na ua halingoji. Wazee walisema samaki mmoja akioza, wote wameoza. Kwa hiyo anayenunua cheti cha uongo haibi serikalini tu. Anamwibia jirani yake.

KARATU TUNA WARIDI GANI?

Mtu wa Karatu atauliza: mimi waridi langu liko wapi? Ndugu, waridi lako ni kitunguu cha Mang'ola, ni mbaazi, ni maharage. Sheria ya mmea ni moja. Kitunguu cha bonde la Eyasi huvuka Namanga kwenda Kenya, na huko nako kuna wakaguzi. Wengine hudanganywa kuwa cheti chepesi cha uasili wa bidhaa cha Afrika Mashariki, kile cha mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000, kinatosha. Hakitoshi! Kile kinasema mzigo umetoka wapi, ili usitozwe ushuru. Hakisemi kama ni mzima. Ni vyeti viwili, na kazi zake ni mbili.

Nani anafaidika na kutojua huku? Ni dalali. Yeye ndiye anayejaza lumbesa mpaka gunia linavimba kama chura, kisha analipa bei ya gunia moja. Akiulizwa, hujibu kuwa gharama za karatasi ni kubwa. Karatasi zipi? Mkulima hazioni wala hazisomi. Siku hizi maombi hupitia mtandao. Asiye na kompyuta humwachia dalali aombe kwa jina lake, na mwisho wa yote kitunguu ni cha mkulima ila jina ni la dalali. Hali kadhalika maua yetu: Uwanja wa Kilimanjaro ulifunguliwa mwaka 1971, lakini kwa miaka mingi maua mengi ya Arusha yamesafiri kwa lori kwenda kupanda ndege Nairobi. Mzigo wa namna hiyo ukikosa karatasi zetu zilizo kamili, huishia kuhesabiwa kuwa ni wa wengine.

Yapo tusiyoyaweza peke yetu. Agosti 2017 India ilipoweka kikomo cha tani 200,000 kwa mbaazi za kutoka nje, bei ilianguka, na usafi wa mbaazi zetu haukutuokoa. Ule mlango ulifungwa kwa kitasa cha ndani. Lakini mlango wa cheti ufunguo wake tunao sisi. Kuutupa ufunguo huo kisimani, kisha kulia kuwa tumefungiwa nje, si siasa ya watu huru.

TUNATAKA NINI?

Kwanza, kila chama cha ushirika Karatu kiwe na daftari la shamba la kila mwanachama: alichopanda, dawa aliyopiga, tarehe aliyovuna. Daftari ni bei ya soda mbili tatu. Kijana aliyemaliza shule na anakaa kijiweni ndiye karani wake.

Pili, ushirika uombe cheti kwa jina lake wenyewe, usikodishe jina la dalali.

Tatu, serikali impeleke mkaguzi Mang'ola msimu wa kuvuna. Kutoka Karatu hadi Arusha ni zaidi ya kilomita 140. Mwenye magunia kumi hawezi kukifuata cheti huko. Tukimwambia mkulima atii sheria, sheria nayo imfikie mkulima.

Nne, mtumishi anayeuza mhuri, na tajiri anayeununua, wasitajwe kwa minong'ono. Wapelekwe mbele ya sheria mchana.

Tulipotaka kujitawala tulisema kuwa neno letu linatosha kuaminiwa na mataifa. Leo neno hilo linasafiri juu ya sanduku la maua na gunia la kitunguu. Wananchi wa Karatu na Ngorongoro, lilindeni. Anzeni na daftari, na muanze msimu huu.