Tunataka Faili, Hatutaki Linki

Binti ya dadangu yuko Gredi ya 8, kisiwani Pate. Juzi saa nne usiku alinitumia ujumbe wa sauti kwa simu ya mamake, ananong'ona asije akawaamsha wadogo zake: "Mjomba, mwalimu ametutumia linki ya Kiingereza. Nimeifungua, inazunguka tu. Kisha bando likaisha. Sasa kazi ya kesho niandike nini?"

Nikamtumia bando. Likaishia katikati ya video ya pili. Baadaye na mimi nikaifungua ile linki huku Nairobi, kwenye Wi-Fi ya ofisi, nione ni kitu gani hicho kilichomla mtoto bando lake. Ni mwanamke mchangamfu, ubao mweupe nyuma yake, anaeleza wakati timilifu wa Kiingereza kwa Kiingereza cha mbio. Yaani ili ulielewe somo la Kiingereza, sharti uwe tayari unakijua Kiingereza. Na ili ulifikie, sharti uwe na mtandao wa ofisi ya Nairobi.

Simlaumu mwalimu. Kote nchini mwalimu wa sekondari msingi hujikuta akibeba masomo ambayo hakuyasomea, na kutuma linki ni njia yake ya kusema: nimejaribu. Ninaowalaumu ni waliomfundisha kwamba linki ni msaada. Na humo nawatia Wizara ya Elimu, wafadhili, wenye programu za kusomea, na sisi tuliotoka visiwani tukaenda mjini, tunaorusha linki kwenye magrupu ya familia halafu tunalala usingizi mzito tukidhani tumesaidia.

Mazoea haya tunajua yalikoanza. Machi 2020 shule zilifungwa kwa sababu ya korona, na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD, ikayasukuma masomo kwenye redio, televisheni na YouTube. Ilikuwa dharura, hakuna wa kulaumiwa. Lakini Januari 2021 shule zilifunguliwa zote, na dharura ikageuka sera. Leo ukiuliza vitabu viko wapi, viko mtandaoni. Mazoezi? Mtandaoni. Mwalimu wa Kiingereza hatoshi? Kuna video. Neno "mtandaoni" limekuwa njia ya adabu ya kumwambia mtoto ajitegemee.

Na asipoweza kujitegemea, bei anailipa yeye. Kundi la kwanza la Gredi ya 7 liliingia sekondari msingi Januari 2023, na mwaka 2025 likafanya mtihani wa kwanza wa KJSEA mwisho wa Gredi ya 9, huo unaosaidia kuamua mtoto aende shule gani ya juu na asomee nini. Ukiondoa Kiswahili na lugha nyingine chache, karatasi zote za mtihani huo ni za Kiingereza. Sayansi ni Kiingereza. Hesabu ni Kiingereza. Hata Elimu ya Dini ya Kiislamu ni Kiingereza! Mtoto wa Amu au Siyu aliyeingia chuoni kabla hajaota meno ya pili, anayejua nguzo za swala kuliko jina la gavana, anaulizwa udhu kwa Kiingereza na anaweza kuanguka. Kwa hiyo tukizungumza juu ya vifaa vya Kiingereza vya mtoto wa miaka 13, tunazungumza juu ya mlango unaopitiwa na masomo yote.

Sasa nisieleweke vibaya. Sina ugomvi na vitu vilivyoko mtandaoni. Vingine ni vizuri mno. BBC Learning English wana kipindi cha dakika 6 chenye maandishi yake. British Council wana ukurasa mzima wa vijana. African Storybook, mradi ulioanzia Afrika Kusini, una hadithi fupi zenye picha kwa lugha nyingi za Afrika, Kiswahili na Kiingereza zikiwemo, na leseni yake inakuruhusu kunakili na kufasiri. Hazina ipo. Ugomvi wangu ni juu ya njia iliyochaguliwa kuifikisha.

Tazama njia yenyewe. Katika nyumba nyingi za wavuvi simu janja ni moja, na ni ya baba. Baba akienda baharini, simu nayo imekwenda baharini. Anaporudi imelowa chumvi na betri imekufa, na mtoto ana saa moja kabla ya kulala. Iliyobaki nyumbani ni mulika mwizi, ambayo video haijui ni mnyama gani. Halafu kuna mtandao, unaopanda na kushuka kama maji ya Mkanda. Nyinyi wa Nairobi hamuujui Mkanda: ni ule mlango wa bahari kati ya Manda na bara, ambao boti za kwenda Faza na Kizingitini huupita, na maji yakipwa sana hupiti, unangoja yajae. Watu wa visiwani tumezoea kungoja maji. Lakini mtihani haungoji.

Hebu tupige hesabu kidogo. Dakika 10 za sauti, ukiihifadhi kwa kiwango cha kawaida cha mazungumzo, hazizidi MB 5. Dakika hizo hizo zikiwa video nzuri zinaweza kula mara kumi ya hiyo au zaidi. Kadi ya kumbukumbu ya GB 32, ile ndogo kama ukucha, inabeba masomo zaidi ya 6,000 ya sauti ya dakika 10. Hizo ni zaidi ya saa 1,000. Mtoto hawezi kuzimaliza kabla ya Gredi ya 9, na hata angeweza, hakuna bando litakalokatika. Kadi moja, inavuka Mkanda ndani ya mfuko wa shati, inapita simu hadi simu. Linki moja inalipiwa upya na kila nyumba, kila siku, kila ikifunguliwa.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba haya hatukuhitaji kufundishwa na mtu. Kama kuna watu duniani wanaojua elimu inavyosafiri bila waya, ni watu wa visiwa hivi. Mwaka 1858 Mwana Kupona alimtungia bintiye utendi, na utendi ule haukungoja mtambo wa kuchapa. Watu walinakili kwa mkono, kwa hati za Kiarabu, nyumba hadi nyumba, mpaka ukatufikia. Zama za kaseti, mashairi ya Ustadh Mahmoud Mau, "Wasiya wa Mabanati" likiwemo, yalirekodiwa yakasikilizwa jikoni na vibarazani, na kaseti ikazaa kaseti. Leo mawaidha na kaswida za Maulidi zinazunguka kwa kadi na Bluetooth, na hakuna bibi aliyewahi kulalamika kwamba amekosa bando la kusikiliza kaswida. Nakala ndiyo desturi yetu. Ilipofika zamu ya masomo ya watoto, tukaambiwa desturi hiyo ni ya kishamba, tungoje mnara.

Tena linki ina mwenyewe, na mwenyewe akiamua kuifunga, umekwisha. Marekani walikuwa na VOA Learning English, mpango ulioanza 1959, Kiingereza cha polepole chenye maneno kama 1,500 tu. Kwa mtoto wa Gredi ya 8 hakuna kilichofaa kuliko hicho. Machi 2025 serikali yao ikawapeleka nyumbani wafanyakazi wa VOA, na masomo mapya yakakatika. Mambo ya kisiasa ya Washington, lakini aliyekuwa akingoja somo la wiki ijayo Kizingitini alikatiwa na yeye. Aliyekuwa amehifadhi faili za nyuma, hakuna rais anayeweza kuzifuta kwenye kadi yake. Na kunakili kazi za VOA wenyewe hakukuwa wizi, maana zilikuwa mali ya umma.

Kuna jambo jingine ambalo faili inalo na linki haina: faili inafunguka. Unaweza kuikata, ukaitia maelezo, ukaongeza sauti ya mtu anayemjua mtoto. Nirudi kwa binti ya dadangu na wakati wake timilifu. Usiku ule, baada ya bando kufa, nilimtumia ujumbe wa sauti wa dakika 2, kwa lugha ya nyumbani. Nikamwambia: ukikaribishwa chakula ukasema "nimekula", mwenye nyumba anaelewa umeshiba sasa hivi. Ukisema "nilikula", atakuuliza, lini? Ile "-me-" ndiyo "have" yao. "I have eaten" ni nimekula, "I ate" ni nilikula. Hazilingani kila mahali, ila ukianzia hapo hutapotea. Akajibu: "Ah! Kumbe ndiyo hiyo tu?"

Ndiyo hiyo tu. Alikuwa nayo mdomoni tangu aanze kusema, na video mbili hazikumwambia, kwa sababu zilitengenezwa kana kwamba anayejifunza hana lugha. Lugha anayo, tena lugha ya watu waliotunga tenzi karne kadhaa kabla ya wizara yoyote kuwepo. Angeelezwa kwa nini anaandika "my mother he": Kiswahili kina "yeye" mmoja kwa mume na mke, Kiingereza kinawatenga. Angeelezwa kwa nini "the" humponyoka: kwetu hakuna kineno kama hicho, kazi yake tunaifanya kwa "yule" na "kile", au tunaacha muktadha useme. Nani atamweleza haya kwenye video iliyotengenezwa kwa dunia nzima? Hakuna. Ni lazima mtu wa kwetu akae na faili, aongeze sauti yake.

Najua mtakayosema. Kwamba Starlink imeshaingia Kenya tangu 2023, tatizo litajimaliza. Haya, nani atalipia kila mwezi? Hoteli ya Shela inalipa. Nyumba ya mvuvi wa Ndau je? Mtasema Kiingereza hufundishwa kwa Kiingereza, ndivyo lugha inavyoshika. Labda, kwa mtoto anayesikia Kiingereza sokoni na nyumbani. Wetu anakisikia darasani peke yake, na ukimnyima Kiswahili hapo umemwacha bila ngazi. Mtasema pia mkimpa mtoto simu ataingia TikTok. Kweli, na ndiyo sababu nyingine ya kumpa faili: kadi haina TikTok.

Serikali yenyewe iliwahi kulielewa hili. Mpango wa vishikwambi, ulioahidiwa 2013 kama kompyuta za watoto wa darasa la kwanza na kuanza kusambazwa 2016, haukuwa wa vishikwambi peke yake. Ulikuwa pia na seva ya kuhifadhi masomo na kuyarusha darasani bila intaneti. Wazo sahihi kabisa! Lakini liliwekwa kwa watoto wadogo, na sekondari msingi ilipokuja, iliwekwa katika shule hizo hizo za msingi bila wazo hilo kuvuka ukuta kuingia madarasa ya Gredi ya 7, 8 na 9. Hata gharama ya programu si kisingizio. Kolibri ni ya bure, inafanya kazi bila intaneti, na imetumika hadi Kakuma kambini. Kinachoweza Kakuma kwa nini kisiweze Kiwayu?

Kwa hiyo madai yangu ni mafupi. KICD, kila somo la Kiingereza mlilonalo lipatikane kama faili ndogo ya sauti na karatasi ya maandishi, lipakuliwe mara moja, linakiliwe na yeyote bila ruhusa ya mtu. Wizara, maana hizi shule ni zenu na si za kaunti, kila sekondari msingi ya visiwani iwe na seva moja yenye masomo hayo ndani, na mwalimu mmoja anayelipwa kuitunza. Wafadhili, kabla hamjajenga programu nyingine yenye rangi nzuri, ulizeni swali moja: inafanya kazi simu ikiwa haina hata shilingi? Kama haifanyi, hiyo si ya kwetu.

Na wewe unayesoma hapa, kijana mwenzangu wa mjini, wewe una mtandao. Una saa moja ya Jumapili. Pakua, nakili, rekodi dakika 2 za kueleza kwa Kiswahili cha kwenu. Usingoje wizara, maana mtihani wa Gredi ya 9 uko kila mwaka na wizara haiko kila mwaka.

Kesho yake dadangu aliniambia ule ujumbe wangu wa "nimekula" umeshafika kwenye simu za nyumba nane. Hakuna aliyeniomba ruhusa. Mtoto mmoja wa jirani ametuma swali lake, anataka kujua kwa nini Waingereza wana "who" na "whom". Namtayarishia jibu. Maulidi yakifika nitakwenda Amu na kadi tatu mfukoni, na boti ikingoja maji Mkanda, mimi sina haraka. Masomo yako ndani ya kadi, hayangoji maji wala mnara.