Simu Isiyolindwa Haifai Kazi ya Ulinzi

Hakuna mkuu wa kikosi atakayemruhusu askari kwenda lindoni na bunduki yenye kutu. Silaha husafishwa na kukaguliwa hata wakati wa amani. Lakini kiko chombo kingine ambacho askari na polisi wa leo hawakai bila ya kuwa nacho, nacho ni simu ya mkononi, na chombo hicho hakikaguliwi na mtu. Jambo hili latupasa tuliseme waziwazi.

Ndani ya simu ya kisasa mna programu zilizoandikwa na wanadamu, na kazi ya wanadamu haikosi kasoro. Baadhi ya kasoro hizo ni matundu ambayo adui aweza kupenya, akasoma ujumbe, akasikiliza mazungumzo na kujua mwenye simu yuko wapi. Tundu likigunduliwa, kampuni iliyoitengeneza simu hutoa kiraka na kukituma kwa intaneti. Hayo ndiyo yaitwayo masasisho ya usalama. Kwa simu za Android, Google ilianza kutangaza masasisho hayo kila mwezi mnamo Agosti 2015.

Yafaa ifahamike, hata hivyo, kwamba viraka hivyo havitumwi milele. Iko siku kampuni huiacha simu. Siku hiyo simu haizimiki. Huendelea kupiga na kupokea kama jana. Hatari iko hapo hasa, kwani mwenyewe hana habari kwamba mlinzi amekwisha ondoka langoni.

Wako watakaosema kwamba mambo haya ni ya nchi za mbali. Sivyo. Desemba 2021 shirika la habari la Reuters lilieleza kwamba simu za iPhone za wafanyakazi wasiopungua 9 wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, waliokuwa hapa Uganda au walioshughulikia mambo ya Uganda, ziliingiliwa kwa programu ya upelelezi ya kampuni ya NSO ya Israeli. Tundu lililotumiwa halikuhitaji mwenye simu abonyeze kitu chochote. Apple ililiziba Septemba 2021, mara baada ya kulijua, na hata iPhone 5s, iliyoanza kuuzwa 2013, ilipelekewa kiraka mwezi huo huo. Simu iliyokwisha achwa haipati dawa ya namna hiyo, hata tundu likijulikana dunia nzima.

Muda wa ulinzi hutofautiana sana. Pixel ya kwanza ya Google, ya mwaka 2016, iliahidiwa miaka 3 ya masasisho ya usalama. Pixel 8, ya Oktoba 2023, iliahidiwa miaka 7. Samsung nayo iliahidi miaka 7 kwa Galaxy S24, ya Januari 2024. Simu nyingi za bei nafuu hupewa muda mfupi zaidi. Tena miaka hiyo huhesabiwa tangu simu ilipotoka sokoni, si tangu siku uliyoinunua. Anayenunua leo simu iliyokwisha tumiwa hununua miaka iliyobaki tu, na pengine haikubaki hata mmoja.

Twajua vyema kwamba mshahara wa askari una kazi nyingi: karo, chakula na wazee nyumbani. Hatumlaumu anayenunua simu ya bei ndogo. Lakini na akumbuke yaliyomo ndani yake. Mna zamu za ulinzi, picha za vituo, na jina la mwananchi aliyempa polisi habari za majambazi. Jina hilo likivuja, atakayefuatwa nyumbani usiku si polisi, bali ni mwananchi yule aliyemwamini.

Kwa hiyo twawashauri askari wetu mambo matatu. Kwanza, kabla ya kununua simu, uliza aina yake ilitoka mwaka gani na masasisho yake yatakoma lini. Pili, fungua mipangilio, pale penye habari za simu, utazame tarehe ya kiraka cha usalama cha mwisho. Na sasisho likija usiliahirishe. Tatu, simu ambayo imepita mwaka mzima bila ya kupata kiraka isibebe siri yoyote ya kazi.

Wakuu nao wana wajibu wao. Simu zinunuliwazo kwa ajili ya kazi zisipokelewe mpaka muuzaji ameandika tarehe ya mwisho wa ulinzi wake. Kambi na vituo vipatiwe intaneti ya kupakulia masasisho, maana si haki askari atumie fedha za chakula cha watoto kulinda siri za taifa. Aidha, Uingereza tangu Aprili 2024 inawalazimisha watengenezaji kutangaza muda huo, na Umoja wa Ulaya tangu Juni 2025 unadai masasisho ya miaka isiyopungua 5 baada ya aina ya simu kuacha kuingizwa sokoni. Dawa huandikwa tarehe ya kuharibika, na hatuoni sababu simu zinazoletwa kwetu zisiandikwe.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika kazi ya ulinzi, ukuta huo huenda ukajengwa juu ya kaburi la mtu. Kila askari na aikague simu yake leo.